Isale Halisemi Lenyewe

Siku hizi nikisikia mtu anasema "kila mtoto ana kipaji chake," mkono unaniwasha. Najua neno lenyewe halina kosa. Linasemwa kanisani, linasemwa redioni, na anayelisema kwa kawaida anatabasamu. Lakini mimi niliambiwa neno hilo ofisini kwa shemeji yangu, kwa chai ya maziwa na maandazi ya moto, na lilikuwa limeandaliwa makusudi kumtoa mwanangu shuleni. Kwa hiyo mnivumilie. Hasira hii sikuianza jana na sina mpango wa kuimaliza leo.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ana shule. Iko huku huku kwetu Kirua Vunjo, ukipanda kutoka barabara ya lami, majengo yamepakwa rangi ya krimu na bustani imezungushiwa mawe yaliyopigwa chokaa. Binti yangu alikuwa darasa la saba pale. Siku niliyoitwa ilikuwa katikati ya wiki, si siku ya mkutano wa wazazi, nikadhani ni habari ya mahafali, maana mwaka uliotangulia mimi ndiye niliyepika ndizi za sherehe na watu waliramba vidole. Nikavaa kitenge changu cha kutokea. Nikaenda.

Shemeji akanipokea mlangoni. Akanivutia kiti. Akashika chupa ya chai, akanimiminia mwenyewe kwa mkono wake. Ningekuwa na akili asubuhi ile ningeshtuka palepale, kwa sababu tangu niolewe mtu huyu hajawahi kunimiminia hata maji ya kunawa.

"Shemeji," akaanza, "unajua mtoto huyu nampenda kama wa kwangu."

"Najua, shemeji."

"Na unajua Mungu hakugawa akili za aina moja. Ziko akili za darasani. Ziko akili za mikono. Ziko akili za kuishi na watu. Huyu wetu, akili zake ni za kuishi na watu. Kipaji kikubwa sana. Mimi kama mwalimu nikimwangalia, naona tunamnyonga humu ndani na hizi hesabu."

Mwenzenu nikaitikia kwa kichwa. Nikafurahi! Nilidhani anamsifia. Nikamega andazi nikisubiri aseme wamemchagua kuwa kiongozi wa wanafunzi.

"Kwa hiyo nimefikiri," akasema, "kabla hatujapeleka majina ya mtihani wa taifa, tumhamishie shule ya kijiji pale chini. Akafanyie kule mtihani wake taratibu, bila presha. Apumue."

"Apumue? Kwani hapa kwako anapumulia wapi?"

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumpooza mtu. Mimi nikageukia dirishani, na kutoka pale niliona geti la shule, na kando ya geti bango lake kubwa lenye picha za watoto waliomaliza. Juu ya picha zile kuna neno moja jekundu linaloonekana tangu ukiwa barabarani: WOTE. Wote wamefaulu kwa daraja la juu. Nilikuwa nimelipita bango lile kila siku bila kujiuliza "wote" hao ni akina nani. Sasa nikaelewa. Wote ni wale waliobaki baada ya wengine kuondolewa kwa chai na maandazi.

"Ni kwa ajili ya bango," nikasema.

"Shemeji, usilichukulie hivyo."

"Nilichukulieje?"

 Akanyoosha tai yake.

Niwaambie kuhusu mtoto mwenyewe, ili msidhani namficha. Binti yangu anasoma polepole. Herufi zinamtoroka. Akiandika insha, mwanzo unakuwa mzuri, katikati anapotea, na mwisho anaandika chochote ili amalize. Hesabu za mdomo anafanya, za karatasi zinamshinda. Hajawahi kuwa wa kwanza, hajawahi kuwa wa kumi, na ripoti zake nilikuwa nazikunja na kuziweka chini ya godoro bila kumwonyesha mtu. Mimi si mama wa kusema mtoto wake ni taa wakati ni kibatari. Lakini kibatari nacho kinawashwa, hakitupwi.

Na kulikuwa na jambo jingine nililolikumbuka pale ofisini. Shemeji alipofungua shule, ilikuwa na madarasa mapya, la kwanza mpaka la saba, na madawati matupu. Alipita nyumba kwa nyumba akitafuta watoto. Alikuja kwetu akakaa chini ya mgomba, akanywa mtori wangu wa ndizi bakuli mbili, akasema, "Mtoto wa ndugu asome kwingine na mimi nina shule? Watu watanionaje?" Binti yangu alikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Akawa miongoni mwa wale wa kwanza kabisa, akaingia kwenye picha ya ufunguzi amevaa sweta linalomfika magotini. Wakati ule wa kutafuta watoto wa kujaza madawati, akili za mwanangu hazikuwa na shida yoyote. Zilikuwa akili safi kabisa.

Nikamkumbusha. Akasema mambo yamebadilika, ushindani umekuwa mkali, wazazi wa mjini Moshi wanaangalia matokeo kabla ya kuleta mtoto. Kisha akaleta kile alichokuwa amekitunza.

"Na mdogo wake, yule wa darasa la nne. Yule ni moto. Tukielewana hili, yule mimi nitamsomesha hapa mpaka amalize, na sekondari nitamtafutia mwenyewe. Hutasikia kitu. Fikiria, shemeji. Mmoja akipata nafasi, anawavuta wenzake."

Nitawaambia ukweli: ofa ilikuwa nzuri. Mimi ni mfanyabiashara, napeleka ndizi na parachichi Holili mpakani na kurudi na bidhaa nyingine, na naijua bei nzuri nikiiona. Lakini mpakani nilijifunza pia kwamba mtu anayekupandishia bei kabla hujafungua mdomo, angalia vizuri ndani ya gunia. Na ndani ya gunia hili alikuwemo mtoto wangu mmoja, amefungwa kamba, ili mwingine apite juu yake.

"Mtoto hanunuliwi kwa mwenzake," nikasema. "Huyu haondoki. Jina lake lipeleke kama lilivyo."

Nikainuka. Andazi langu nikaondoka nalo mkononi, maana andazi halikunikosea kitu.

Nikiwa njiani nilikuwa naongea peke yangu mpaka watu wananigeukia. Sikuwa nabishana na kwamba akili ziko za namna nyingi. Nani asiyejua? Mwanangu kweli anajua kuishi na watu. Mama mkwe na jirani yake waliwahi kununiana msimu mzima kwa sababu ya zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa asili unaomwagilia vihamba vyetu, mashamba yetu ya urithi, na aliyewapatanisha ni mtoto huyu, kwa kwenda kwa kila mmoja kumwuliza tu alichosikia mwenzake amesema, mpaka wakagundua hakuna aliyesema neno. Ninayajua hayo yote. Kilichonichoma ni kwamba kitu kizuri cha mwanangu kilichukuliwa kikafanywa fimbo ya kumfukuzia.

Na msinione mtakatifu. Ujanja ninao. Parachichi nzuri nazipanga juu, zilizolegea zinakaa chini, na hilo kila mtu anayenunua Holili analijua. Mnunuzi naye anachimba, anaminya, ananitukana, tunacheka, tunapatana. Huo ni ujanja wa watu wazima wawili wenye macho. Sasa mtoto wa darasa la saba anachimba wapi? Anaambiwa na baba yake mkubwa kwamba anapendwa na anahamishwa, atajuaje kilichoko chini ya tenga?

Jioni aliporudi kutoka shule, yeye alishajua. Walimwambia darasani. Alikuwa anamkatia ng'ombe majani, kimya, na alipoacha kukata akaniuliza, "Mama, ni kweli naishusha shule?"

 Nikamkumbatia na panga lake mkononi, nikalia, na yeye ndiye akawa ananibembeleza. Nilijisikia mnyonge kweli. Baadaye unyonge ukaondoka, hasira ikabaki.

Siku ya soko nilianika jambo. Sikumnong'oneza mtu, nilisema kwa sauti yangu ile ya kuitia wateja. Mama mmoja anayetokea Kilema, kwetu nilikozaliwa, akaacha kupanga vitunguu vyake akanitazama. "Wako ameambiwa ana akili gani?" akaniuliza.

"Za kuishi na watu."

"Wangu ana akili za mikono. Ameambiwa akajifunze useremala."

Mwingine akadakia kutoka upande wa maharage: "Wangu eti akili zake ziko kwenye sauti. Aimbe kwaya!"

Yesu na Maria! Tulicheka mpaka machozi. Shemeji yangu alikuwa na akili ya kila mtoto tayari kwenye mfuko wa koti, anakutolea inayokufaa. Kisha kicheko kikatuishia, tukabaki tunatazamana. Watoto wote hawa walikuwa wale wa madawati ya kwanza, wa picha ya ufunguzi. Tukakubaliana hakuna atakayehamisha mtoto, na atakayeitwa tena kunywa chai anywe, ashukuru, arudi nyumbani.

Basi habari ikapanda mlima na kushuka. Ikafika kilabuni kwenye pombe ya mbege, ikafika kwenye umoja wa wanawake kanisani, ikafika kwa mama mkwe kabla sijampelekea mtori wake wa jioni. Nilimkuta kwenye kigoda chake, uso umekunjwa.

"Mambo ya nyumbani hayaanikwi, mwanangu."

"Kahawa isipoanikwa inaoza, mama."

Alijizuia asicheke, nikamwona. Akasema huyo ni mwanawe wa kwanza, ukoo mzima unamtegemea, na mimi namvua nguo sokoni. Nikasema na huyu mwingine ni mjukuu wake wa kwanza, na yeye amevuliwa nguo darasani.  Akaanza kunywa mtori.

Mume wangu hakuwepo siku hizo. Ni kiongozi wa wageni, alikuwa mlimani na kundi la Wazungu. Niliogopa atakachosema, maana kaka yake ni kaka yake. Na ukitaka kumwelewa mume wangu, lazima ujue jambo hili: walipokuwa vijana kahawa ya kihamba iliweza kusomesha mtu mmoja, na akachaguliwa kaka, kwa sababu kaka ndiye mwenye akili. Mume wangu akaacha shule akaenda kubeba mizigo ya wageni kichwani, mpaka baadaye akapanda kuwa kiongozi. Sijawahi kumsikia akilalamika. Hata anapomsimulia kaka yake, anamsimulia kwa fahari.

Aliposhuka, nilimweleza wakati anafungua kamba za viatu. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Njiani kule juu," akasema mwishowe, "wa nyuma akiwa na haraka unasimama pembeni apite. Mimi nilisimama pembeni, kaka akapita. Sikumwambia kwamba na watoto wangu watasimama."

Akaenda kuoga. Nami nikaona kwamba nimeolewa na mtu.

Jumapili iliyofuata, tukiwa nyumbani kwa mama mkwe baada ya ibada, shemeji akaja. Hakuja peke yake. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, na mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Kwa asiyejua huku kwetu: isale ni mmea wa kawaida tu, majani marefu, tunaupanda kwenye mipaka ya vihamba. Lakini mtu aliyekukosea akija kwako na jani lake amelifunga fundo, amekuja kuomba msamaha, na isale halikataliwi. Uwe Mlutheri, uwe Mkatoliki, uwe umesoma mpaka ukachoka, isale halikataliwi. Anayelikataa anajiitia laana, na hata asiyeamini laana atatengwa na watu wanaoamini. Nimeona watu waliopigana mapanga wakipatanishwa na jani hilo. Ni kitu kizito.

Nilipoliona, niliinuka. Siyo kwa furaha. Shemeji ana akili, hilo sitamnyima. Majina ya mtihani yalikuwa yanafungwa wiki hiyo. Nikilipokea lile jani, ugomvi umekwisha mbele ya wazee, na mtu aliyekwisha kusamehe hawezi tena kupiga kelele sokoni. Kesho yake binti anahamishwa kimya kimya. Nikilikataa, mimi ndiye mwanamke mbaya wa kutoka Kilema aliyekataa isale la kaka wa mumewe, na hakuna atakayenisikiliza tena, hata nikiwa na haki. Alikuwa amezifunga njia zote mbili kwa jani moja. Alivaa suti na uso wa unyenyekevu, na niliogopa, jamani. Niliogopa kweli.

Wazee wakaketi, wakapewa kata ya mbege. Mmoja wao akafungua maneno, akasema ndugu kukwaruzana ni kawaida, vyombo vya kabati moja havikosi kugongana. Shemeji akasimama.

"Mama," akasema, "mdogo wangu, na wewe shemeji yangu. Nimekuja na isale. Yaishe."

Akaninyooshea.

Kila jicho likanigeukia mimi. Mume wangu alikuwa amekaza taya. Nikasikia binti yangu jikoni anagonganisha sahani, anapakua ndizi za wageni, na sauti ile ya sahani ndiyo iliyonirudishia akili.

"Nitapokea," nikasema. "Mimi ni nani nikatae isale? Ila kwanza taja kosa, shemeji."

"Ndiyo hayo tu, shemeji, yaliyotokea."

"Yapi?"

Mzee mmoja akakohoa. Akamtazama mama mkwe, maana pale ni kwake. Mama mkwe alikuwa ameinamia fimbo yake muda wote kama amesinzia. Akainua kichwa.

"Isale halisemi lenyewe," akasema. "Anayelileta ndiye anayesema. Baba yako alipompelekea jirani isale kwa ajili ya ng'ombe aliyekula mahindi, alisema: ng'ombe wangu amekula mahindi yako. Hakusema yaliyotokea. Sema, mwanangu."

Shemeji akameza mate. "Kama kuna mahali nimemkwaza shemeji..."

"'Kama' ya nini?" akauliza mama mkwe. "Huna hakika? Basi rudi na isale lako, ukiwa na hakika uje."

"Mama, ni mambo ya kitaaluma. Nilijaribu kumshauri kuhusu kipaji cha mtoto, kwamba akili..."

"Ngoja," akasema yule mzee mwingine, na haki ya Mungu alikuwa anauliza kwa nia njema. "Sisi hapa hatujaelewa. Umetoa ushauri mzuri kuhusu kipaji. Sasa umekosa nini?"

 Jasho lilimtoka shemeji kwenye paji la uso. Akisema amekosa, ameutamka uovu wake mbele ya ukoo. Akisema hajakosa, isale lile analiletea nini? Mtego aliokuja nao ukamnasa mguu wake mwenyewe. Nilimwonea huruma, nisiwadanganye. Lakini sikufungua mdomo kumsaidia, na kwa mimi kunyamaza ni kazi kubwa.

Akakaa. Akasimama tena. Mwishowe akasema, polepole, kama mtu anayesoma kitu ambacho hakukiandika yeye:

"Nilitaka kumtoa mtoto wa mdogo wangu shuleni asije akaniharibia matokeo."

Mume wangu akafunika uso kwa mikono. Wazee wakatazama chini. Mama mkwe akasema, "Haya. Sasa limesema."

Shemeji akaninyooshea jani kwa mara nyingine. Na mimi nikasema: "Si mimi uliyenikosea. Uliyemkosea yuko jikoni."

Hapo wazee wakainuka kwenye viti. Mtu mzima kumpa mtoto isale? Lini ilionekana? Mmoja akasema ni kuvunja heshima. Mama mkwe akamwuliza mahindi yaliyoliwa yalikuwa ya nani. Mzee akasema ya mwenye shamba. "Basi," akasema mama mkwe, "mwite mwenye shamba."

Binti akaja anafuta mikono kwenye kanga, hajui anaitiwa nini. Alipomwona baba yake mkubwa amesimama, akapiga goti kidogo akamwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," kwa sababu alikuwa hajamsalimia. Shemeji akaitikia marahaba, na sauti ikamkatika katikati. Akainama. Mtu yule wa tai na vikombe vya ushindi kabatini akainama, akarudia maneno yale yale, safari hii akimtazama mtoto, na akampa jani.

Mwanangu akalipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea," akasema. "Nimekusamehe, baba mkubwa."

Nikashusha pumzi. Nikadhani tumemaliza. Wazee nao wakaanza kutafuta kata zao. Lakini yeye bado alikuwa amesimama pale, analitazama lile fundo, anataka kusema kitu na anaogopa.

"Na wenzangu utawapelekea lini?" akauliza. "Wao hawana bibi wa kukuambia useme."

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama anavyouliza maji yameisha au bado.  Shemeji akamtazama mdogo wake, mume wangu, labda amwokoe kama alivyozoea. Mume wangu hakusogea.

Mama mkwe ndiye aliyeinuka. Akashika fimbo yake, akavuka uwanja mpaka kwenye ua wa masale mpakani, tukamsikia anayavunja majani. Akarudi nayo mkononi, akamwekea mwanawe kwenye kiganja.

"Jua bado liko juu," akasema.

Na alikwenda. Wale mama wa sokoni walinisimulia baadaye, kila mmoja kivyake, jinsi alivyofika na viatu vyenye vumbi akataja kosa. Mmoja alimfokea kwanza, ndipo akapokea. Majina yakapelekwa yote. Mwalimu mkuu aliyeajiriwa pale, kwa ridhaa ya shemeji au bila ridhaa yake, alilishusha pia lile bango la getini kabla matokeo hayajatoka, akasema linahitaji kupakwa rangi.

Sasa kuna watu wakiisikia habari hii wananiambia, "Umeona kipaji chake! Mtoto yule atakuwa hakimu! Atakuwa mchungaji!" Na hapo mkono ndipo unaponiwasha zaidi. Wanadhani wananifariji. Hawaoni kwamba wanasema maneno ya shemeji, ila wao hawana chai. Kama binti yangu angelipokea lile jani akarudi jikoni bila kusema neno, dawati lake lingekuwa lake vilevile. Kama angekuwa hana kipaji chochote chini ya jua hili, hajui kupatanisha watu, hajui kuimba, hajui kushona hata kifungo, bado angekuwa mtoto wa darasa la saba mwenye haki ya kufanya mtihani wa darasa la saba. Sikumtetea kwa sababu ana akili za namna nyingine. Ng'o! Nilimtetea kwa sababu maisha yake ni yake mwenyewe na hakuna mtu aliyezaliwa ili awe ngazi.

Asubuhi ya mtihani alivaa sweta lake, safari hii linamtosha. Nilimsindikiza mpaka getini na kumwangalia akiingia na darasa lake, wale wa picha ya ufunguzi, wote. Nimelisema neno hilo makusudi.

Nawajua. Mnataka kuniuliza alipata nini. Kila mtu anauliza, hata waliokuwa upande wangu; wanainamisha kichwa, wanapunguza sauti, "Sasa mama, alipata daraja gani?" Kama alifaulu wapate kusema umeona, na kama alifeli wapate kusema pole, lakini shemeji naye alikuwa na hoja. Matokeo yalitoka, aliyaona, aliyajua, akanionyesha mimi na baba yake na bibi yake. Ni yake. Ukinikuta Holili ukaniuliza, nitakuuliza na wewe umekuja kununua parachichi au umekuja kuniminya mimi.